Daftari la Mahudhurio na Virusi vya Polio



Desturi ya mhadhara wa uzinduzi ni profesa kuwatembeza wasikilizaji katika shamba lake lote, tangu mpaka hadi mpaka. Mniwie radhi, leo sitawatembeza. Nina ugomvi na hoja moja, na saa niliyopewa nitaitumia kwa ugomvi huo.

Hoja yenyewe ilitolewa katika semina ya idara yetu. Aliyeitoa yumo humu ukumbini. Ni rafiki yangu, na baada ya hapa tutakunywa chai pamoja. Alisema kwamba klabu za huduma, yaani Rotary, Lions na jamaa zao, ni pambo tu katika historia ya afya ya dunia. Polio ilirudishwa nyuma na sayansi ya Salk na Sabin, waliotengeneza chanjo zake, na wizara za afya, na fedha nyingi. Klabu zilichangia sehemu ya fedha, na fedha hazina ukoo: zisingetoka kwao zingetoka kwingine. Zikiondolewa fedha, kinachobaki ni beji kwenye koti, chakula cha mchana hotelini, na picha ya watu wanne wameshika hundi ya kadibodi. Semina nzima ilicheka. Nami nilicheka, maana hundi ya kadibodi inachekesha kweli.

Usiku ule nikajiuliza: zingetoka kwingine wapi, na lini?

Mjadala wa mkutano wa afya wa Alma-Ata wa mwaka 1978, na mvutano uliofuata kati ya huduma ya afya ya msingi kwa wote na programu za ugonjwa mmoja mmoja, sitaurudia. Wenzangu wa afya ya jamii wanaufundisha vizuri kuliko mimi. Naomba tushike tarehe tu. Tarehe 29 Septemba 1979, katika kituo cha afya cha Guadalupe Viejo, Makati, nchini Ufilipino, Rotary ilianza mradi wa kuwapa chanjo ya matone watoto milioni 6. Mwaka 1985 ikatangaza mpango wa PolioPlus na kujiwekea lengo la kuchangisha dola milioni 120. Ilipofika 1988 klabu zilikuwa zimekusanya dola milioni 247. Katika miaka hiyo hapakuwa na mpango wa dunia wa kutokomeza polio. Hapakuwa na Gates Foundation. Hata Donald Henderson, aliyeongoza kazi ya kuitokomeza ndui, alikuwa na mashaka kama polio inaweza kutokomezwa. Anayesema fedha zingetoka kwingine anadaiwa jina la huko kwingine, na kwa miaka ile hana.

Rafiki yangu atasema: sawa, lakini baadaye matajiri wakubwa walikuja, na serikali ya Marekani pamoja na Gates Foundation zimetoa zaidi ya klabu. Ni kweli. Ila tutazame fedha hizo zilipita mlango gani. Mwaka 2007 Gates Foundation iliipa Rotary dola milioni 100 kwa sharti kwamba klabu nazo zichangishe kiasi hicho hicho. Taasisi yenye madaktari, wachumi na wanasheria wa kuajiriwa iliwaendea wauza vifaa vya ujenzi na walimu wakuu wastaafu, ikawaambia: toeni nasi tutoe. Kama wale ni pambo, tajiri yule alinunua pambo la bei ghali sana, na watu wa namna yake si wepesi wa kulipia mapambo.

Sasa niruhusuni nikae kidogo na waraka ninaoupenda. Wanafunzi wangu wanajua nimewalazimisha wengi wausome. Ni azimio namba 41.28 la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, lililopitishwa Geneva tarehe 13 Mei 1988, ndilo lililoamua polio itokomezwe duniani ifikapo mwaka 2000. Wengi hulitaja kwa ajili ya mwaka huo tu, ili walicheke, kwa kuwa mwaka 2000 ulipita na virusi vikabaki. Mimi huwaambia wanafunzi wasome yanayozunguka tarehe. Mara tu baada ya kutangaza dhamira, azimio linaweka sharti: kazi hii ifanywe kwa namna itakayoimarisha mpango mzima wa chanjo, na kwa njia hiyo kujenga miundombinu ya afya na huduma ya afya ya msingi. Maana yake, lawama kwamba polio iliitupa Alma-Ata ilikuwa imekwisha kufikiriwa na kuandikiwa masharti kabla haijatolewa. Tunaweza kuuliza kama masharti yalitimizwa, na mahali pengi hayakutimizwa vya kutosha. Hatuwezi kusema hayakuwekwa.

Halafu kuna aya ya shukrani, ambayo wasomaji huiruka. Humo wametajwa washirika: mashirika ya Umoja wa Mataifa na asasi za kujitolea, na Rotary ikitajwa kwa jina. Fikirini waliokuwa wamekaa katika ukumbi ule. Ni mawaziri wa afya na wanadiplomasia, watu wanaoweza kubishania koma moja mpaka saa nane za usiku. Na katika maandishi yao wakaacha jina la chama cha watu wanaokutana kula mara moja kwa wiki. Hawakulisahau pale, waliliweka. Walikuwa wakiandika kile walichokwisha kukiona Ufilipino na Amerika ya Kusini.

Walikuwa wameona nini? Hapo ndipo inabidi tuingie katika tabia ya ugonjwa wenyewe. Kwa kila watoto 200 hivi wanaoambukizwa virusi vya polio, mmoja hupooza. Wengine hupata homa kidogo au hawasikii lolote, lakini virusi vinapita tumboni mwao na kutoka na choo, vikaingia kisimani, mikononi, kwenye chakula. Unapomwona mtoto aliyepooza umekwisha kuchelewa kwa mamia ya watoto wasioonekana. Ndiyo sababu timu za chanjo zinarudi nyumba ile ile, mwezi baada ya mwezi, zikitia wino kwenye kidole kidogo cha mtoto ambaye mara iliyopita pia alitiwa wino. Nimewahi kufuatana na timu kama hiyo huko Nyanda za Juu Kusini. Mama mmoja, akiwa amempakata mwanawe mlangoni, alituuliza: mnaleta matone tena, na dawa ya malaria tuliyoikosa zahanati jana je? Mhudumu wa afya ya jamii, dada wa mtaa ule ule, hakutoa hotuba. Alisema, "Mama Neema, hilo nalo nitalifuatilia, mtoto afungue mdomo kwanza." Alifunguliwa mlango kwa sababu alikuwa mtu wa pale na kesho angekuwepo pale.

Ugonjwa unaohitaji kurudiwa unahitaji watu wenye mazoea ya kurudi. Hoja yangu yote imelala hapo. Wizara hubadilisha waziri. Mfadhili hubadilisha mkakati kila miaka mitano na kumtuma mshauri mpya asiyejua barabara ya Sumbawanga. Klabu imeundwa juu ya kurudi. Alhamisi ikifika, wanakutana. Mradi ukiwa mzuri wanakutana, ukiwa umekwama wanakutana kuulalamikia.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa mfanyabiashara katika mji mmoja wa pwani. Kila Alhamisi alimpeleka bosi wake kwenye chakula cha klabu, akangoja nje chini ya mkungu pamoja na madereva wenzake. Baba hakuwa na maneno mazuri kuhusu mikutano ile. "Wao wanakula, sisi tunahesabu magari," alikuwa akisema. Lakini alisema pia kwamba bosi yule aliweza kukosa harusi, aliweza kuchelewa benki, ila Alhamisi hakuikosa, kwa kuwa kulikuwa na daftari la mahudhurio na jina lake lingeonekana. Nimesoma vitabu vingi vya sosholojia ya asasi za kiraia, na sijakuta maelezo yanayoshinda hayo ya chini ya mkungu.

Wapo watakaosema ninapamba klabu za wakubwa. Basi nipime. Rotary iliyoanzishwa na wakili Paul Harris na wenzake watatu, Chicago, tarehe 23 Februari 1905, ilikuwa ya wanaume wenye biashara na taaluma. Klabu ya Duarte, California, ilipowapokea wanawake mwaka 1977, ilifukuzwa uanachama mwaka uliofuata, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1987, na dunia nzima ya Rotary ikafungua mlango mwaka 1989. Hesabuni wenyewe: Wanarotari walikuwa wanawachanja watoto wa Ufilipino miaka 10 kabla ya kukubali kwamba mama za watoto hao wangeweza kukaa mezani nao. Hilo siwezi kulitetea na sitajaribu.

Hata hivyo mradi wa kwanza wa klabu ile ya Chicago, mwaka 1907, haukuwa wa kifahari. Walishinikiza jiji lijenge vyoo vya umma karibu na ukumbi wa manispaa. Waliopinga walikuwa watengeneza bia na wenye maduka makubwa, kwa maana mtu aliyebanwa na haja mjini ilimbidi aingie baa au dukani, na akishaingia atanunua kitu. Iliwachukua Wanarotari karibu miaka miwili ya kurudi na kurudi manispaa. Napenda kuwakumbusha madaktari kwamba chama kilichokuja kupambana na virusi vinavyoenea kwa kinyesi kilianza kazi yake ya jamii kwa kujenga choo. Wao huniambia ni sadfa. Labda.

Jaribio gumu zaidi kwa hoja yangu ni Kano. Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya kaskazini mwa Nigeria yalisimamisha chanjo ya polio kwa hofu kwamba ina dawa za kufunga uzazi. Msiwacheke watu wa Kano. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto wa Kano, na baadhi yao wakafa; hofu ile ilikuwa na historia. Chanjo ilirejea Kano katikati ya mwaka 2004, baada ya kuletwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia. Wakati huo virusi vilikuwa vimeshasafiri nchi nyingi, na mwaka 2005 vikafika Yemen na Indonesia yenyewe.

Nani alikuwa rais wa Rotary ya dunia tangu Julai 2003 hadi Juni 2004? Jonathan Majiyagbe, wakili, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, mwanachama wa klabu ya Kano. Rafiki yangu hapa atapiga meza: basi klabu ilishindwa mjini kwa rais wake! Ndiyo, haikuzuia mgomo. Mgomo ule ulihitaji masheikh, magavana na maabara, na uliisha kwa njia hizo. Lakini tazameni kilichofuata. Nigeria iliendelea kuugua, wafadhili wakachoka na kurudi na kuchoka tena, na klabu za Nigeria zikawa bado zipo, kwa kuwa hazikuwa na kwingine pa kwenda. Kesi ya mwisho ya virusi vya asili nchini humo ilikuwa mwaka 2016, Borno. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ilithibitishwa kuwa haina polio ya virusi vya asili.

Nasema ya virusi vya asili, kwa sababu kuna deni jingine. Virusi vilivyodhoofishwa katika matone, vikizunguka muda mrefu kwa watoto wasiochanjwa, huweza kubadilika na kurudisha ugonjwa. Mwaka 2023 aina hiyo ilionekana Burundi, kisha ikapooza mtoto mkoani Rukwa. Chanjo mpya, iliyotengenezwa ili isibadilike kirahisi, ilianza kutumika mwaka 2021. Itafanya kazi pale tu watu watakaporudi nyumba kwa nyumba, na mzunguko ule unaanza upya.

Ndiyo maana kuna uamuzi mmoja unaonikera kuliko hundi zote za kadibodi. Mwaka 2016 Baraza la Sheria la Rotary liliziruhusu klabu kulegeza masharti ya kukutana na ya mahudhurio. Nimeelezwa sababu: vijana wana kazi nyingi, foleni za Dar es Salaam ni ndefu, mikutano ya mtandaoni inatosha. Nimezisikia zote, na baadhi zina uzito. Mbio za hisani zinaendelea vizuri bila daftari, wanasema, na wananionyesha Rotary Cancer Run ya Uganda, inayokimbiwa tangu mwaka 2012 kuchangia matibabu ya saratani hospitali ya Nsambya. Nami nawauliza: nani anayeandaa mbio hizo mwaka wa saba, wa nane, wa tisa, wakati jambo limeacha kuwa jipya? Ni wale wale walioandikwa daftarini. Kwa hili sijashawishika, na sidhani nitashawishika.

Nimalizie na kazi. Klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1930, ya Dar es Salaam mwaka 1949. Kumbukumbu za mikutano ya klabu za namna hiyo, pamoja na orodha za mahudhurio, zimo kwenye makabati ya watu binafsi, na mchwa hawangoji ruzuku ya utafiti. Idara yetu imekusanya kumbukumbu za vyama vya ushirika, vya wafanyakazi na vya siasa, na hizi hatujawahi kuzigusa. Kuanzia muhula ujao wanafunzi wawili wa uzamili watazipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Wageni mliotoka mjini, kama mnayo madaftari hayo nyumbani, yaleteni ofisini kwangu, ghorofa ya pili, siku yoyote ya kazi isipokuwa Alhamisi mchana.