Silinda Namba Tatu: Usawa wa Umbo na Usawa wa Joto



Jinsi injini bapa inavyopozwa kwa hewa mnaijua; sitairudia. Nimekuja kujibu hoja moja inayonikera, kwamba katika Volkswagen Beetle silinda namba tatu huungua kabla ya nyingine kwa sababu ya mpangilio wa kuwaka, 1-4-3-2. Nne inawaka, mara jirani yake tatu inafuata kabla upande huo haujapumua, basi joto linarundikana.

Hoja hii inavutia, lakini haisimami. Usomeni mpangilio hadi mwisho. Baada ya tatu inakuja mbili, kisha zamu inarudi kwa moja. Mbili na moja nazo ni majirani, upande wa kulia. Kwa hiyo moja huwaka nyuma ya jirani yake sawasawa na tatu, tena zote mbili zimekaa upande wa flaiwili. Kama kosa ni la mpangilio, moja nayo ingeungua vilevile. Kinachogusa pande zote mbili kwa usawa hakiwezi kuonea upande mmoja.

Tufuate hewa. Ndani ya kasha la feni, upande wa kushoto, palisimamishwa kipoza oili. Kiliizuia hewa iliyokuwa ikienda kwa namba tatu, na ile iliyopenya ilifika imeshapata moto. Modeli za 1971 zilikisogeza na kukipa njia yake ya hewa.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni kamu ya distributa. Kwa kawaida pembe zake nne huachana kwa digrii 90. Lakini katika baadhi ya distributa za Bosch za injini hizi, pembe moja ilisagwa makusudi ili cheche ya namba tatu ichelewe digrii chache. Haina maandishi kamu hiyo, lakini ni ungamo la waliounda injini yenyewe. Waliihurumia tatu peke yake, moja hawakuigusa! Wangeamini mpangilio wa kuwaka, wangezichelewesha zote mbili. Dawa hiyo ilikuwa na gharama: cheche iliyochelewa hupunguza hatari ya injini kugonga, lakini gesi za ekzosi hutoka na moto zaidi.

Mzee aliyenifundisha kazi kwenye gereji moja Morogoro aliiachia valvu ya ekzosi ya namba tatu nafasi kubwa kidogo kuliko nyingine. Valvu ikirefuka kwa moto, nafasi huisha; isipokaa vizuri kwenye kiti chake haiwezi kulitoa joto lake, na mwishowe kichwa hukatika kikaangukia pistoni.

Nakubali kwamba baada ya 1971 tofauti ilipungua sana. Hata hivyo sikubali, kwa injini bapa yoyote, ya hewa au ya maji, kwamba geji moja ya dashibodi inatosha. Wastani huificha silinda inayoungua. Mwanafunzi wangu wa injini ya silinda nne ataniletea vipimo vinne vya joto, kila kimoja kutoka chini ya plagi yake.