Kutunza Ngozi ya Ng'ombe Nyumbani

Leo tuzungumze juu ya ngozi. Hapo Mabwerebwere, na kwingineko wilayani Kilosa, ng'ombe akichinjwa macho yote huwa kwenye nyama. Ngozi je? Nayo ni mali, lakini huharibika saa chache za mwanzo, mikononi mwako mwenyewe, kabla mnunuzi hajaiona.

Kwanza, jihadhari. Mnyama aliyekufa ghafla, akitokwa na damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au nyuma, usimchune wala usimpasue. Huenda ni kimeta, na kimeta huua hata watu. Mwite Bwana Mifugo.

Sasa, kwa mnyama mzima. Mtundike, au mchunie juu ya majani safi. Pasua mstari mmoja kutoka kidevuni hadi mkiani, kisha ndani ya miguu. Baada ya hapo sukuma kwa ngumi kati ya ngozi na nyama. Panapokataa, tumia kisu cha ncha ya mviringo, makali yaelekee nyama. Kila tundu linashusha daraja la ngozi, na bei inashuka nalo.

Ondoa mafuta na mabaki ya nyama, osha kwa maji safi, iache ichuruzike.

Usiitandaze chini juani! Jua kali hukausha nje upesi, ndani ikabaki mbichi na kuoza. Kwa macho ni nzuri; ikilowekwa kiwandani inachanika. Badala yake, funga miti minne iwe fremu kubwa kuliko ngozi. Toboa vitundu ukingoni, uiwambe kwa kamba. Usiivute mno, maana ikikauka inajikaza. Isimamishe kivulini, upepo upite pande zote mbili.

Na wakati wa masika? Mvua ya Machi hadi Mei haikupi nafasi ya kukausha. Tumia chumvi: kilo moja kwa kila kilo tatu za ngozi mbichi. Sugua upande wa nyama mpaka ukingoni, kisha ilaze mahali penye mwinamo, maji yatoke.

Ngozi kavu usiikunje kwa nguvu, itavunjika. Ihifadhi juu ya kichanja, mbali na unyevu.

Utasema, bei ndogo, taabu ya nini? Kweli, bei hupanda na kushuka. Lakini ngozi iliyooza haina bei hata soko likichangamka. Basi kabla hujanoa kisu, tafuta miti na kamba.