Machozi Yasiyofutika

Msikilizaji, anayefuga simba kwenye bustani ya familia, simba akamjeruhi mgeni, anaweza kudaiwa fidia mahakamani. Lakini simba akimtoa mkulima dunguni huku Kilwa au Lindi, wafiwa hupewa kifuta machozi, yaani pole ya serikali isiyo fidia. Kanuni za kifuta machozi za 2011 zilikiweka shilingi milioni 1 kwa kifo. Milioni moja, kwa baba wa watoto!

Kati ya 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 nchini Tanzania, na Lindi iliumia mno. Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, watu wakilala shambani kufukuza nguruwe pori, walewale wanaowindwa na simba.

Wanyamapori ni mali ya umma, basi serikali iwajibike kama yule anayefuga simba. Wabunge wa Kusini, irudisheni bungeni sheria ya wanyamapori ya 2009; wafiwa walipwe fidia.