Si kila uvimbe wa taya ni jino

Mtoto akivimba taya husemwa ni jino. Huchuliwa, hung'olewa jino, na uvimbe ukizidi hupelekwa kwa mganga. Wiki tatu zimekwisha. Leo nazungumzia uvimbe usiongoja hata wiki moja.

Huitwa limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi. Duniani ni adimu, lakini katika Afrika ya joto ni miongoni mwa saratani zinazowapata watoto zaidi, hasa wa miaka 4 hadi 9. Wavulana ni kama wawili kwa msichana mmoja. Dalili zake ni taya kuvimba na meno kulegea kabla ya wakati. Mara nyingine huvimba tumbo.

Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda si mrefu akamwona wa pili. Mwingine angeandika cheti akaendelea na kazi. Yeye akataka kujua ugonjwa huu unaishi wapi. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walifunga safari kwa gari kuukuu, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi: wiki 10, maili 10,000, wakionyesha picha za wagonjwa hospitali baada ya hospitali.

Walichokipata ni ramani. Kwenye joto na mvua nyingi ugonjwa upo. Karibu na ikweta, ukipanda juu ya futi 5,000, hauonekani. Kumbe hiyo ni ramani ya mbu! Wengi wakadhani mbu ndiye abebaye virusi. La. Virusi vyenyewe, vilivyotambuliwa London mwaka 1964 na Epstein, Achong na Barr, huambukizwa kwa mate, na karibu sisi sote tunavyo, wala hatuugui. Mbu huleta malaria, na malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara huvuruga kinga ya mwili wake, virusi vikapata mwanya.

Uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini kasi hiyo hiyo ndiyo inayoufanya usikie dawa: tangu miaka ya 1960, pale pale Kampala, watoto wamepona kwa dawa bila kupasuliwa. Katika nchi tajiri hupona karibu tisa katika kila kumi. Kwetu hupona wachache zaidi, kwa kuwa wengi hufika wamechelewa, na wengine huacha dawa katikati nauli inapokwisha.