Vijana Wameuliza kwa Picha, Nasi Tuwajibu

Hotuba ya mwalimu mlezi wa klabu ya habari ya shule ya sekondari ya kata, wilayani Korogwe, aliyoitoa mbele ya wazazi na viongozi baada ya kuonyeshwa filamu fupi tatu za wanafunzi.

Nimeombwa nieleze namna kazi hii ilivyofanyika na faida yake kwa kata yetu.

Filamu mlizoziona ni kazi ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Kwa kuwa mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni, walitumia simu mbili za walimu, chini ya usimamizi, siku za Jumamosi. Kila filamu ni ya dakika chache tu, lakini nyuma yake yapo majuma ya kuuliza, kuandika, kurekodi, kukata na kurudia.

Filamu ya kwanza inahusu kituo cha kuchotea maji. Wanafunzi walianza wakiwa na hukumu tayari: mhudumu wa kituo ni mchelewaji, naye ndiye anayewafanya wasichana wakose kipindi cha kwanza. Niliwataka wamsikilize kabla ya kumrekodi. Wakagundua kwamba mhudumu hufungua kwa saa alizopangiwa na chombo cha watumiaji maji, na kwamba saa hizo zilipangwa pasipo mtu yeyote kufikiria kengele ya shule. Filamu ikabadilika. Badala ya kumshtaki mtu, ikaweka ratiba mbili sambamba, ya maji na ya shule, ili kila mtazamaji aone zinapogongana. Ilipoonyeshwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, chombo hicho kiliijadili, na sasa kituo hufunguliwa mapema zaidi.

Filamu ya pili ni ya mzee aliyekata mkonge tangu ujana wake. Wilaya yetu imelelewa na mkonge, zao lililoletwa katika Mkoa wa Tanga mwaka 1893, lakini wengi wa watoto wetu hawajapata kuisikia habari ya kazi hiyo kutoka kinywani mwa aliyeifanya. Mzee alikubali kurekodiwa kwa sharti moja: aione picha yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Alipoiona, aliomba sehemu inayotaja ugonjwa wake iondolewe. Wanafunzi walisikitika, maana waliiona kuwa ndiyo sehemu yenye kugusa moyo kuliko zote. Hata hivyo waliiondoa. Kwa maoni yangu, hilo ndilo somo kubwa walilolipata mwaka huu. Sura ya mtu si mali ya aliyeshika kamera.

Filamu ya tatu ni ya kivuko cha mto ambao watoto wa kitongoji cha ng'ambo huuvuka kwa miguu kwenda shule. Mmeona maji ya masika yalivyofika kifuani mwa mtoto wa darasa la tatu, naye ameinua daftari juu ya kichwa. Nakala ya filamu hiyo ilipelekwa, pamoja na barua, kwenye ofisi inayohusika. Msimu mzima wa mvua umepita, na jibu halijafika.

Ndugu wananchi, picha za kuelimisha umma si jambo geni katika wilaya hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, hapa hapa Korogwe, katika milima ya Vugiri, paliendeshwa jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika habari za kilimo, afya na kuweka akiba. Filamu hizo zilizungushwa Tanganyika na katika nchi jirani. Lakini walioamua kipi kisemwe walikuwa wageni. Wananchi waliigiza na kutazama. Mkondo wa maneno ulitoka juu kwenda chini.

Miaka 30 baadaye, mbali na hapa, mkondo huo uligeuzwa. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo, jimbo la Newfoundland nchini Kanada, wavuvi walikuwa katika hali ngumu, na palikuwa na mpango wa kuwahamisha. Mtengenezaji filamu Colin Low aliwarekodi wakieleza shida na matumaini yao. Kila aliyerekodiwa alionyeshwa picha zake kwanza, akiwa na haki ya kukataa zisionyeshwe kwingine. Kisha filamu zikapelekwa serikalini, na waziri wa uvuvi wa jimbo naye akarekodiwa akiwajibu. Wanakisiwa waliendelea kuishi kwao, wakaunda chama cha ushirika. Filamu peke yake haikuleta hayo. Yaliletwa na mazungumzo yaliyokamilika, ambamo wananchi walisema, serikali ikasikia na kujibu.

Nami nawaambieni kwamba nusu ya elimu hii iko mikononi mwetu sisi watu wazima. Mwalimu anaweza kumfundisha kijana kuomba ridhaa, kuhakikisha habari, kusikiliza upande wa pili na kurudisha picha kwa mwenyewe. Hawezi kumfundisha kwamba njia hiyo ina faida ikiwa hakuna anayejibu. Kila juma wanafunzi wa filamu ya kivuko huniuliza kama jibu limekuja. Wakati huo huo wanaona katika simu za nyumbani kwamba anayetukana, anayezusha na anayemdhalilisha mwenzake hupata watazamaji mara moja. Kijana asiyejibiwa anapouliza kwa adabu atajifunza kuuliza kwa kelele, nasi tutamlaumu kwa tabia tuliyomzoeza wenyewe.

Natambua hofu ya wazazi. Baadhi yenu mmeniuliza kama kazi hii haitawafungulia watoto mlango wa upotofu wa mitandaoni. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana tumejiwekea mipaka. Hakuna mtoto anayerekodiwa bila ridhaa ya mzazi au mlezi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za watoto kuwa nyeti. Hakuna filamu inayowekwa mtandaoni. Huonyeshwa shuleni na mikutanoni. Nawasihi nanyi mlio na simu mkononi jioni hii: msirekodi ukuta huu na kusambaza sura za watoto hawa kwenye makundi ya WhatsApp. Kipande cha nusu dakika kilichokatwa kutoka mahali pake chaweza kuwa dhihaka kwa mtoto aliyekusudiwa kusaidiwa.

Namalizia kwa maombi matatu. La kwanza, wenyeviti wa vijiji watupe dakika 15 katika kila mkutano mkuu, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu, ili wanafunzi waonyeshe kazi zao mbele ya wanaohusika. La pili, kila ofisi itakayopokea filamu ya wanafunzi iwajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja. Hata jibu la kwamba fedha hazikutengwa mwaka huu ni jibu, maana kijana atajua bajeti hupangwa lini na hoja yake aipeleke wapi. La tatu, wazazi waketi na watoto wao na kuwauliza: nani amesema haya, ulihakikishaje, na aliyemo katika picha ameridhia?

Mvua za vuli haziko mbali, na mto ule hausubiri barua. Wanafunzi waliorekodi kivuko wameketi mstari wa mbele, daftari mkononi. Naomba wasiondoke hapa bila kuambiwa na mmoja wetu ni lini watajibiwa.