HATARI YA MMOMONYOKO WA UDONGO HUPIMWA KABLA YA MASIKA



Kata ya Sombetini katika Jiji la Arusha iko chini ya miteremko ya Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566. Maji ya masika huanzia msituni, hupita katika mashamba ya migomba, kahawa na mahindi, kisha hushuka mjini yakiwa na rangi ya udongo. Tope linalojaza mitaro ya bondeni ni shamba la mtu wa juu. Kuzibua mitaro peke yake ni sawa na kufagia uwanja ilhali upepo haujatulia.

Hatari hiyo hukadiriwa kabla ya mvua kunyesha. Kanuni ya Wischmeier na Smith wa Marekani huzidisha mambo sita: nguvu ya mvua, wepesi wa udongo kumomonyoka, urefu wa mteremko, ukali wake, kifuniko cha mimea, na kazi za hifadhi kama vile matuta. Jawabu ni tani za udongo zinazopotea kwa hekta kwa mwaka.

Mvua haipokei amri ya mtu. Kifuniko kimo mikononi mwake. Vipimo vya Mpwapwa, vilivyoanza miaka ya 1930, vilionyesha kuwa ardhi tupu ilipoteza takriban tani 146 kwa hekta kwa mwaka, yaani tabaka la sentimita moja na zaidi. Shamba la nafaka lilipoteza tani 78. Kichaka kisicholishwa mifugo hakikupoteza kitu.

Hata hivyo, kanuni hiyo haihesabu makorongo, ambayo ni adha iliyozoeleka katika miteremko ya Meru. Wala isidhaniwe kuwa penye mti pana salama: tone lidondokalo kutoka tawi la juu huipiga ardhi kwa nguvu ikiwa majani makavu yamefagiliwa.

Kwa wakulima wa Pemba, ambako mikarafuu iko vilimani na mpunga mabondeni, kipimo kilicho karibu ni kigingi cha chuma. Hupigwa ardhini kiangazi, kikatiwa alama usawa wa ardhi, na kutazamwa baada ya masika. Udongo ukishuka milimita 1, hekta moja imepoteza karibu tani 13. Vigingi viwekwe juu, kati na chini ya mteremko, kwa kuwa udongo utokao juu huweza kulala njiani.