Kamera yako isitumike kunyamazisha wengine



Leo tuongee juu ya ile kamera yenye umeweka kwa mlango wa butike, na kale kasanduku ka wifi kenye kako nyumbani. Vile vifaa ni ordinatere ndogo, viko kwenye intaneti usiku na mchana. Na vingi vinatoka kiwandani na neno la siri lenye kila mtu anajua: "admin", "1234".

Mwaka 2016, virusi yenye inaitwa Mirai ilipitia mlango huo. Ilijaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, karibu 60, na ikashika mamia ya maelfu ya kamera na ruta. Waliyoitengeneza walikuwa vijana wa Marekani, wa umri wetu. Kisha programu yenyewe ikawekwa wazi, wengine wakaichukua. Tarehe 21/10/2016 vifaa hivyo vikatumwa kwa pamoja kupiga kampuni Dyn. Twitter na Netflix zikakosekana kwa watu wengi. Mwaka ule ule, Mwingereza Daniel Kaye alilipwa kushambulia Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia. Alifungwa London mwaka 2019.

Wenye kamera hawakusikia kitu. Picha iliendelea kuonekana sawa kila siku.

Sisi wenye tulikatiwa intaneti kisha uchaguzi wa Desemba 2018, tunajua uchungu wa kunyamazishwa. Basi tusikubali vifaa vyetu vinyamazishe wengine.

Fanya hivi leo:
– Toa kifaa kwenye intaneti, kizime, ukiwashe tena. Mirai inakaa kwenye memwari ya muda, inapotea.
– Mbele ya kukirudisha, badilisha neno la siri, weka refu. Usipobadilisha, itarudia.
– Funga njia ya kuingia kutoka mbali kama hauitumii.
– Weka programu mpya kila inapotoka.

Tuko wengi tulisoma, diplome tuko nayo, kazi hatuna. Tupite avenyu kwa avenyu, tusaidie mama wa butike. Lakini atuonyeshe, aandike neno la siri yeye mwenyewe.

Na tudai. Uingereza, tangu 29/4/2024, sheria inakataza kuuza vifaa hivi na neno la siri rahisi lenye kufanana kwa vyote. Kwetu Kodi ya numeriki iko tangu 13/3/2023. Wabunge, mutuambie: nani anakagua vifaa vyenye vinaingia kwa mipaka yetu?